Siku tatu Malheur, na yangeyange waliorudi

Tukiwa bado Portland, kabla hatujapakia hata sufuria, Mzee alishasema kwamba kwenye hema halali.

"Mwanangu, ndege nitaangalia, chai nitakunywa, baridi nitavumilia. Hema hapana. Hema nilishalala."

Sikumuuliza zaidi. Sisi majirani zake tunazijua habari zake kwa vipande vipande. Ni mzaliwa wa Uvira, kule Ziwa Tanganyika linakoishia upande wa kaskazini. Mwaka 1996 alivuka ziwa na familia yake, akaishi kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kusoma na kuoa. Kiswahili chake kina Kivu na Kasulu ndani yake, na nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba papo hapo. Tukakubaliana: yeye atalala garini, viti vya nyuma vimelazwa, na blanketi mbili. Mimi na hema langu.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Aprili. Tulikuwa tunakwenda hifadhi ya ndege ya Malheur, kusini mashariki mwa jimbo la Oregon, Marekani, ambako nimekuwa nikienda kila nipatapo likizo. Kwa miezi kadhaa Mzee alikuwa ananiona kwenye maegesho ya magari nikiwa na darubini shingoni, ananiuliza leo nimeona nini. Siku moja akasema basi nimpeleke akaone mwenyewe.

Ndugu zangu walioko nyumbani wakisikia Oregon hufikiria misonobari na mvua. Kwa upande wa magharibi ni kweli. Lakini ukishavuka milima ya Cascade, mvua inakatika kama iliyokatwa kwa kisu. Miti inapungua kimo, kisha inatoweka, na mbele yako inabaki nchi ya kijivu iliyojaa vichaka vya sagebrush, ambavyo ukivisugua majani vinatoa harufu kali ya dawa. Kutoka Bend mpaka mji mdogo wa Burns ni kilomita kama 210 na nyumba ni za kuhesabu. Hili ni jangwa la nyanda za juu, mita 1,250 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 250. Kwetu Dodoma, ambako kila mwaka tunalia ukame, tunapata maradufu ya hiyo.

Tulipofika kwenye kibao cha hifadhi Mzee akasoma kwa sauti, kwa Kifaransa chake cha shule ya wamisionari. "Malheur." Akanigeukia. "Nani anaita kwake hivi? Malheur ni balaa, mwanangu. Ni msiba."

Nilimweleza nilivyosoma. Mwanzoni mwa karne ya 19 wawindaji wa ngozi, wengi wao Wafaransa wa Kanada, walificha mali yao kando ya mto mmoja upande wa mashariki. Waliporudi wakakuta imechukuliwa, wakauita mto ule Mto wa Balaa. Jina likasambaa mpaka kwenye ziwa. Mto mwingine, unaolisha hifadhi kutoka kusini, una jina la Kijerumani, Donner und Blitzen, yaani ngurumo na radi, kwa sababu askari waliuvuka mwaka 1864 katikati ya dhoruba. Wenyeji wanaukata na kusema Blitzen tu. Mzee akatikisa kichwa. Alisema nchi hii imepewa majina na watu waliokuwa wanapita njia.

Kuna jambo moja lazima nilieleze kwanza, maana bila hilo Malheur haieleweki. Bonde la Harney, ambamo hifadhi imo, halina njia ya kutolea maji. Mto Silvies unaingia kutoka kaskazini, Blitzen kutoka kusini ukiwa na theluji iliyoyeyuka ya Mlima Steens, wenye urefu wa mita 2,967. Yote inaingia na hakuna unaotoka. Ziwa Malheur likijaa linamwagikia Ziwa Mud, nalo linamwagikia Ziwa Harney, ambalo ni la chumvi, na hapo ndipo mwisho. Yanayobaki yanachukuliwa na jua. Mwaka 1934 Ziwa Malheur lilikauka. Katikati ya miaka ya 1980 theluji ilikuwa nyingi mfululizo, maziwa yote matatu yakaungana yakawa ziwa moja, yakameza mashamba, nyumba za wafugaji, reli na barabara. Huwezi kuchora ufukwe wake kwenye ramani ukasema huu ndio.

Mimi haya sikuyasoma kitabuni kwanza. Nimeyakulia. Mto Bubu unaingia mbuga ya Bahi na hautoki, na mtu wa Bahi anajua kwamba mwaka huu unalima mpunga mahali ambapo mwaka juzi uliendesha mtumbwi kutafuta kambale, na mwakani huenda ukachota chumvi hapohapo. Mara ya kwanza nilipofika Malheur nilisimama kwenye kilima cha Buena Vista, nikaona maji yamelala chini kwenye nyasi, mlima wenye theluji kwa mbali, vumbi pembeni, nikasikia harufu ya tope linalokauka. Nilikaa chini kwenye jiwe. Ilikuwa miaka tisa sijafika nyumbani.

Alfajiri ya siku ya pili tuliwahi makao makuu ya hifadhi, kwenye kijibwawa kilicho chini ya nyumba za mawe. Kuna kibanda cha mbao cha kujifichia, kina matundu ya kuchungulia yaliyo usawa wa macho ukiwa umekaa. Ukikaa mle ndani ndege hawakuoni.

Nilipokuwa mtoto nilikaa juu ya dungu. Asiyelima mpunga labda halijui: ni jukwaa la miti shambani, refu kuliko mtu mzima, unapanda juu yake kabla jua halijatoka na unashinda hapo ukiamia ndege. Ukiwa na teo na rundo la madonge ya udongo, na debe la kugonga, unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Kwelea kwelea wakishuka wanashuka kama moshi, na shamba la familia linaweza kwenda kwa siku mbili. Kwa hiyo nilijifunza ndege mapema sana, kwa jicho la adui. Nilijua saa zao, upande wanaotokea, mlio wa mmoja anayewaonya wenzake. Nilijua yupi ana madhara na yupi hana. Mwari hakuwa na madhara. Yangeyange hakuwa na madhara, tena tulimpenda, anasimama kwenye maji ya jaruba mweupe peke yake na hakuna anayemrushia donge.

Kwenye kibanda kile nilimwonyesha Mzee jinsi ya kushika darubini, viwiko vimeegemea mbao ili picha isitetemeke. Wa kwanza kumpata alikuwa ndege mweusi mwenye kichwa chote cha manjano, ameng'ang'ania tete moja, mguu mmoja juu mwingine chini, kama kwera anapojenga kiota. Akafungua mdomo na mlio uliotoka ulikuwa wa bawaba ya mlango yenye kutu. Mzee akacheka mpaka darubini ikamtoka machoni.

Kisha kibisi wawili. Kisha bata wa aina nne au tano, mmoja wao mkia mrefu mwembamba kama mchokoo, ambaye jamaa zake wa Ulaya na Asia hushuka mpaka kwenye maziwa ya Kenya na Ethiopia kukimbia baridi. Kwenye miti mikubwa nyuma yetu kulikuwa na bundi na makinda yake mawili, yamevimba kwa manyoya laini ya kijivu. Mzee alimtazama bundi mara moja tu, akasogea upande wa pili wa mti. Sikumlazimisha. Kwetu pia bundi akilia juu ya paa, bibi alikuwa anatoka nje na kijinga cha moto.

Saa mbili asubuhi yangeyange akashuka.

Alishuka polepole, miguu imening'inia, akakunja mabawa, akasimama mita kama ishirini kutoka tulipo. Huyu ni yangeyange mkubwa, ndege yuleyule wa Bahi na wa mto Ruzizi kule kwao Mzee; wataalamu wa pande zote mbili wanamwandika kwa jina moja. Nilishika darubini nikamkagua kama ndugu aliyepotea. Mgongoni alikuwa na yale manyoya ya msimu wa kutaga, marefu, membamba kama nyuzi, yanapita mkia na kutikisika kwa upepo ambao sisi ndani ya kibanda hatukuusikia. Ngozi kati ya jicho na mdomo ilikuwa ya kijani kibichi cha ndizi mbichi. Tofauti niliyoiona ni moja: yangeyange wa kwetu akifika wakati wa kutaga mdomo wake hugeuka mweusi, huyu wake ulibaki wa manjano. Akapiga hatua moja. Akangoja. Akapiga nyingine. Alipochoma maji alitoka na kitu kidogo kinachong'aa na shingo ikakipitisha tukiona kinavyoshuka.

Ni kwa sababu ya manyoya yale hifadhi hii ipo, na hadithi yake nilimsimulia Mzee palepale kwa kunong'ona. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa New York, London na Paris walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya yangeyange, na kwa uzani manyoya hayo yalikuwa ghali kuliko dhahabu. Manyoya yanaota wakati wa kutaga tu. Kwa hiyo mwindaji alikwenda kwenye viota, akapiga risasi wazazi, akachuna mgongo, na makinda yakabaki yanalia mpaka yanyamaze. Mwaka 1898 wawindaji waliingia Malheur. Miaka kumi baadaye, kiangazi cha mwaka 1908, wapiga picha wawili, William Finley na Herman Bohlman, walikuja na mtumbwi na kamera nzito za vioo wakatafuta yangeyange katika matete haya wasimpate. Finley akapeleka picha zake na ombi kwa Rais Theodore Roosevelt. Tarehe 18 Agosti 1908 Roosevelt akasaini amri kwamba ziwa hili ni la ndege. Tangu hapo eneo limeongezeka, sasa ni hekta kama 76,000, na bonde zima la Blitzen lilinunuliwa mwaka 1935.

Yangeyange wakarudi, taratibu, kizazi baada ya kizazi.

"Kwa hiyo hii ni hifadhi," alisema Mzee.

"Ndiyo, Mzee."

"Nasi walisema tumepewa hifadhi." Akarudisha darubini machoni. "Lakini huyu amerudi kwao."

Sikuwa na la kumjibu. Tulikaa tukimtazama yule ndege mpaka aliporuka.

Mchana tulizunguka kwa gari, maana gari ndilo kibanda bora kuliko vyote. Ndege wanaliogopa kidogo kuliko binadamu anayetembea. Kwenye majani yaliyofurika tuliona kwarara wengi wa kahawia iliyokolea, wanaong'aa zambarau wakigeuka juani. Tuliona pia makorongo, wale wanaoitwa sandhill, warefu kufika kifuani kwangu, utosi mwekundu. Wa kiume na wa kike walikuwa wanadonoa tope na kulipaka kwenye manyoya yao ya kijivu, mgongoni na mabawani, mpaka wanafanana na mtu aliyejipaka ngeu. Tope lile lina chuma, linaacha rangi ya kutu, na rangi ile inawaficha wakilalia mayai kwenye nyasi kavu. Mzee akasema kwao korongo ana taji kichwani, na akicheza watu wanasimama kumtazama.

Maji ya Ziwa Malheur lenyewe, lakini, yananihuzunisha. Ukisogea utaona ni rangi ya chai ya maziwa. Chanzo ni samaki aina ya kapu, wa kutoka ng'ambo, aliyewekwa na watu kwenye maji ya juu kwa ajili ya chakula akashuka mpaka ziwani. Anakula kwa kufukua. Anang'oa majani ya chini ya maji ambayo bata walikuwa wanayategemea, anatibua tope, mwanga haupiti, na majani mapya hayaoti. Mwaka 1955 ziwa liliwekwa sumu na kapu wakafa zaidi ya milioni moja. Waliobaki wakazaana, ziwa likarudi kama lilivyokuwa. Mtu wa Mwanza haelezwi jambo hili mara mbili. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na furu wa aina nyingi hawakuonekana tena. Na Malheur ni mbaya zaidi kwa kuwa bonde halina pa kutolea. Kilichoingia kimeingia. Nimesikia watu wakisema jangwa ni nchi isiyo na kitu, waweza kufanya lolote, na kauli hiyo inanikera sana, kwa sababu hapa kila ndoo ya maji ina wanaoitegemea, na wengine wako njiani kutoka Meksiko kwenda Alaska.

Mzee aliuliza swali ambalo mimi nilichelewa kujiuliza. Kabla ya wawindaji na kabla ya Roosevelt, wenyewe walikuwa nani?

Ni Wapaiute wa Kaskazini. Wa hapa ziwani wanaitwa Wadatika, walaji wa wada, mmea wa ufukweni wenye mbegu ndogo nyeusi. Walivuna mbegu hizo, mayai, bata na mizizi kwa msimu wake, maelfu ya miaka. Mwaka 1872 serikali iliwatengea eneo lililoitwa kwa jina hilohilo la Malheur. Baada ya vita vya mwaka 1878, Januari 1879 walipelekwa Yakama, katika jimbo la Washington, zaidi ya kilomita 500, ndani ya theluji. Ardhi yao wakapewa wafugaji.

"Theluji," alisema Mzee. "Na watoto?"

"Na watoto."

Wachache walirudi baadaye, na leo kabila lao lina makao pale Burns. Mwaka 2016 watu wenye silaha waliyateka makao makuu haya tulipokaa asubuhi, kuanzia tarehe 2 Januari mpaka 11 Februari, wakidai ardhi irudishwe kwa wananchi wake, wakimaanisha wafugaji. Viongozi wa Wapaiute walisimama hadharani kukumbusha kwamba makaburi na vitu vya babu zao vimo humu. Mtu mmoja alikufa katika mkasa ule. Mimi nilikaa karibu miaka miwili bila kurudi, na niliporudi nilikuta kibanda cha mbao kiko palepale.

Hema nilipiga Page Springs, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, kilomita tano kutoka kijiji cha Frenchglen, mahali Mto Blitzen unapotoka kwenye korongo la mawe. Mto unapita hatua chache tu kutoka mlango wa hema. Tuliwasha jiko la gesi, nikasonga ugali, Mzee akakaanga dagaa. Yeye anawaita ndagala na anasema wa Portland hawajui jua. Aliwatia limau na pilipili, tukala kwa mkono tumevaa makoti.

Giza lilipoingia ikaanza ile sauti. Inatoka juu, hu-hu-hu-hu-hu, inapanda kasi kisha inazima, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa huku anakimbia. Mzee akaacha kutafuna. Ni ndege wa tope, mdomo mrefu, mdogo kama ngumi mbili. Anapanda juu sana kisha anajitupa chini, na sauti hiyo haitoki kooni. Ni upepo unaopita kwenye manyoya mawili ya pembeni mwa mkia. Alirudia usiku kucha. Tulizima taa tukakaa kimya kusikiliza. Nyota kule ni nyingi kupita kiasi, na nadhani ilikuwa nusu saa kabla yeyote kati yetu hajasema neno.

Usiku ule maji kwenye sufuria yaliganda. Nilivaa soksi jozi tatu nikajizika kwenye mfuko wa kulalia, na mara mbili nilisikia Mzee akiwasha gari apashe moto.

Asubuhi ya kuondoka tulipitia P Ranch, boma la zamani la wafugaji, ambako kuna mnara wa chuma. Tumbusi hulala juu yake. Tulifika jua likiwa linagusa kilele: walikuwa zaidi ya ishirini, wote wamefungua mabawa, wamegeukia mashariki, hawatikisiki, wanakausha umande. Mzee alivua kofia. Sijui kama alijua ameivua.

Turudi nyuma kidogo, kabla ya mnara. Nilikuwa nimeng'oa vigingi na kutandaza hema chini, na kama kawaida lilikuwa linakataa kuingia kwenye mfuko wake. Limelowa umande, limejaa hewa, nalikunja hili linafumuka lile. Mzee alitoka garini na kikombe cha chai, akanitazama kwa muda. Kisha akaweka kikombe juu ya jiwe.

"Toka hapo, mwanangu."

Akapiga magoti. Akalipangusa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, akafungua zipu ya mlango nusu ili hewa ipate pa kutokea. Akalikunja theluthi, theluthi tena, akaweka fimbo kwenye ukingo mmoja na kuanza kuviringisha, goti lake likifuata nyuma ya mkono kulibana. Lilipofika mwisho lilikuwa dogo kuliko mfuko. Akafunga kamba kwa fundo nisilolijua.

"La Nyarugusu lilikuwa zito," alisema. "Hili ni shuka."

Juu yetu makorongo wawili walipita chini chini kuelekea mtoni wakiita, na alinyanyua uso kuwafuata kwa macho, hema likiwa bado mikononi mwake.